Appareil Yenye Kuandika Mahali

Juma tatu, tarehe 4 Machi — Butembo
Appareil yangu ya kupiga photo imekufa. Mvua ya Beni iliingia ndani, matope ikamaliza. Jean-de-Dieu, chef wetu ku comité ya kuandika vifo vya bakulima, amenituma ninunue ingine, ya nguvu. Mu magasin ya Onésime ziko mbili: nyekundu, nyeusi. Uzito moja. Zote zinavumilia maji na kuanguka. Onésime anasifu — nyekundu inashuka mu maji metre kumi na tano, nyeusi kumi. Nikamwambia: mimi napiga photo ya mashamba yenye kuchomwa, hapana samaki ya ziwa kule Kyavinyonge. Hakucheka.

Juma nne, tarehe 5
Nimerudia. Nimejaribu na mikono yenye maji. Bouton za kubonyeza za nyeusi ni ndogo, zinateleza. Nyekundu inawaka polepole, na kule mashambani hakuna mutu wa kukungojea.
Lakini tofauti ya kweli: nyekundu iko na GPS. Kila photo inaandika mahali. Niliirudisha ku meza mbio.

Juma tano, tarehe 6
Jean-de-Dieu ku simu: nichukue ya GPS, photo bila mahali ni hadithi tu.
Hadithi. Photo ya mwaka jana ilikuwa na mahali. Niliipiga mu kibanda yenye Kasonia, shahidi wetu, alikuwa anajificha. Mutu mu bureau akaituma ku WhatsApp, document nzima, na mahali ndani yake. Kisha siku tisa, bauaji bakafika palepale, bakamuua. Batu bakamuzika haraka mu shamba, juu barabara ya kumurudisha kwao ilikuwa mbaya. Jean-de-Dieu alitoa hotuba ku misa. Mimi nilipiga photo. Hakuna aliniuliza kitu. Hiyo njo inaniuma zaidi.

Ijumaa, tarehe 8 — Beni
Nimenunua nyekundu mbele nitoke Butembo. Onésime alinionyesha namna ya kufunga GPS, isiandike mahali. Nimefunga. Chef ataona. Aone.

Juma mosi, tarehe 9 — mu shamba ya kakao
Vagheni, muke ya Kasonia, ameniita nipige photo ya kaburi. Udongo umeshuka, majani yanapanda.
Akauliza kama hii appareil njo ile inaandika mahali. Nikasema nimefunga. Akauliza juu ya sababu gani. Nikamwambia yote. Kibanda. Document. Mimi.
“Donc njo wewe.”
“Njo mimi.”
Akang’oa majani kidogo na mikono.
“Fungua,” akasema. “Batoto yake hawajui alilala wapi. Mwaka kesho hata mimi sitapaona. Andika mahali.”
Nikamuonyesha nyuma ya kakao: moshi, majiko mawili. Batu bamerudi kujificha mule. Kama Kasonia.
“Nabajua,” akasema. “Moja ni dada yangu.”
Na bado hajasema nifunge. Nimemuomba angoje niandike kwanza mu daftari. Nimekaa ku mti ulioanguka. Ku kioo ya appareil: GPS, non. Kidole yangu iko juu yake. Anasimama karibu ya kaburi, anajipanguza matope ku kitenge, ananiita tena. Sijabonyeza bado.