Ukurasa Alioukata Naomi

Mdogo wangu Yona,

Naomi wako ameondoka asubuhi hii na basi la Manyoni, anakwenda kuanza mwaka wake wa udaktari kwa vitendo hospitalini. Nakuandikia moyo ukiwa bado haujatulia, maana jana tuligombana juu ya vitabu vyako vya tiba.

Alikuja hapa Issuna na begi tupu. Shikamoo aliitoa mlangoni, na kabla sijaitikia vizuri alikuwa ameshalivuta sanduku lako kutoka chini ya kitanda. "Baba mkubwa, nabeba vyote. Nitasoma alichosoma baba."

Nikamwambia hapana. Mimi niliyefundisha maafisa tabibu mpaka nikastaafu, namkataza mtoto vitabu! Akanikazia macho. "Unaninyima hata mwandiko wake?"

Nilimweleza taratibu, unavyonijua. Kitabu cha historia kikizeeka hakimdhuru mtu. Cha tiba kikizeeka kinaweza kuua. Dozi hubadilishwa, na daktari mpya aliyechoka, mama wa mgonjwa analia mbele yake, huamini ukurasa wowote aliofungua. Ndiyo maana kila mwongozo mpya wa matibabu ulipotoka, wewe ulikaa uani, wembe mkononi, ukakata kilichopitwa na wakati. Mkeo alikuwa akikucheka: "Mwenzetu leo anachinja vitabu." Ila ile miaka uliyougua hadi ukatutoka hukushika wembe, Yona. Naomi hakulijua hilo.

Nikafungua kile kinene cha magonjwa ya watoto, nikamwonyesha mabaki ya kurasa ulizokata. Akayapitishia kidole. Kisha akatoa mwongozo mpya, tukaketi mezani, yeye anasoma kwa sauti, mimi nafuata kwenye cha zamani na kukata. Tulikwenda vizuri hadi tulipofika kwenye degedege. Dozi si ile tena. Na pembeni, kwa kalamu yako: "Nimempa Naomi. Amepona."

Sikuweza. Niliuweka wembe chini. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumwambia auache, ukurasa mmoja tu, nani atajua?

Mwanao akauchukua wembe. Alikuwa analia. "Huko niendako kuna mtoto wa watu, baba mkubwa." Akakata polepole, hadi chini.

Amebeba mwongozo mpya, na nimemwagiza aufungue hata pale anapodhani anakumbuka. Amebeba kijitabu cha dharura kinachoingia mfuko wa koti. Kutoka kwako amechukua kile kinene, kimebaki chembamba: namna ya kumsikiliza mgonjwa, namna ya kupapasa tumbo la mtoto anayelia. Hayo hayajabadilika.

Ukurasa ule ameniachia mimi. "Usinipe hata nikikuomba," alisema akipanda basi.

Sitampa. Pumzika, mdogo wangu. Kila atakapokuja likizo nitalitoa sanduku uani. Nitashika kitabu, yeye atakata.

Kaka yako