Vitambaa Vyangu Vyeupe Vinaniondolea Mume

Shangazi Tereza, shikamoo. Naomba msaada wako na naomba univumilie, maana sijui nianzie wapi, jambo lenyewe sina hakika ni jambo gani, ninachojua ni kwamba ndoa yangu inaondoka huku naiangalia na sielewi nimekosa nini.

Nina miaka ishirini na tatu, niliolewa na Masalu mwaka jana mwezi wa nne, tunakaa Kiseke, vyumba viwili na ua tunaotumia pamoja na jirani yangu Winnie. Mume wangu alikuwa kiwanda cha nguo akapunguzwa kazini pamoja na wenzake wengi, sasa anashona viatu Mabatini, na mimi mwezi wa tatu mwaka huu nikabahatika kupata kazi kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya sangara, hivi viwanda vipya vinavyopeleka samaki Ulaya. Nasimama mezani natoa ngozi. Kazi siilalamikii, miguu inaganda kwa baridi lakini nimezoea. Shida yangu ni vitambaa vya mdomo.

Koti, kofia na buti vinabaki kiwandani na vinafuliwa huko huko, lakini vitambaa vya kuziba mdomo na pua kila mmoja amepewa vyake vinne, vya pamba nyeupe, vimeshonwa tabaka tatu na vina kamba nne za kufungia kisogoni, hivyo tunaondoka navyo kwenda kufua wenyewe. Kwa siku natumia viwili, kimoja asubuhi na kingine baada ya chakula cha mchana, na viwili vinabaki nyumbani vinakauka. Getini anasimama dada mmoja anaitwa Odeta, unamwonyesha kitambaa, anakigeuza, anakinusa. Kikinuka samaki unarudi nyumbani. Kikinuka sabuni ya marashi unarudi vile vile, eti harufu inaingia kwenye minofu. Tuliambiwa tuvichemshe, tuvianike juani, tuvipige pasi. Basi nikawa nafanya hivyo, jioni nafua na kuchemsha, alfajiri naanika kwenye kamba ya uani, nikirudi naanua.

Mwezi wa nne akaja mama mkwe kutoka Kwimba kutibiwa macho, anaona kama kuna ukungu. Mwanzoni tulipendana sana Shangazi, nampigia magoti asubuhi, ananiita mwanangu, anashinda uani kwenye mkeka anamenya karanga na kunisimulia utoto wa Masalu. Halafu siku moja akafunua sufuria jikoni akidhani ni maharage, akaniuliza hivi ni nini, nikamwambia ni vitambaa vyangu mama, nachemsha wadudu wafe. Akaifunika sufuria. Jioni ile hakula ugali wangu, akasema ameshiba, na kesho yake akajinunulia chungu chake kidogo, tangu hapo anajichemshia viazi mwenyewe na chungu anakifunika.

Nikasema kumbe ni sufuria, nimekosa, nikaisugua kwa mchanga mpaka ikang'aa na nikamwomba radhi. Akaniambia, si sufuria tu mwanangu, akatazama kwenye kamba. Mimi nikatazama pia, nikaona vitambaa vyangu viwili vinapeperuka, visafi kabisa, sikuona kosa. Jumamosi yake akaja baba mdogo wa Masalu kutusalimia, na kabla mzee hajakaa vizuri mama aliinuka pale mkekani na macho yake yale mabovu, akaenda kwenye kamba akipapasa, akaanua vitambaa vyangu vikiwa bado vibichi, akavificha ndani ya khanga yake na kwenda kuviweka kitandani kwangu. Mpaka mgeni anaondoka hakunitazama usoni.

Nikaona nimpunguzie karaha, nikaanza kuvianika chumbani nyuma ya pazia. Akaniambia, hapo umekuwa mwanamke. Nilifurahi lakini sikujua nimefanya nini cha kike. Na furaha yenyewe haikudumu, kwa sababu vitambaa visivyopata jua vikaanza kunuka uvundo, Odeta amenirudisha mara mbili, na ameniambia nikirudishwa ya tatu nisihangaike kurudi tena. Nikianika nje namuudhi mama, nikianika ndani nakosa kazi, na kazi hii Shangazi ndiyo inayotulisha.

Sasa sikiliza hili. Jumapili moja Masalu hayupo, mama akaniita ndani, akafunga mlango, akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa.

"Mwanangu, vile vitambaa unavitumia kila siku?"

"Kila siku, mama. Viwili."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa tatu."

Akashika shavu. Akaniuliza kama sipati maumivu, nikamjibu kwamba mwanzoni kamba zilikuwa zinanibana lakini nimeshazoea. Machozi yakamtoka. Akaniambia pole, akaniambia nisifiche ugonjwa. Nikabaki nimesimama, sijui anamlilia nani.

Wiki ile ile akaleta mizizi, akaichemsha, akanijazia chupa ya soda. Ni chungu haijapata kutokea. Nakunywa asubuhi na jioni na sijui natibu nini. Nikimuuliza Masalu ananiambia kunywa tu, mama anajua. Na yeye Masalu sasa hivi analala chumba cha mbele, eti mpaka nipone. Nipone nini? Nilimuuliza hivyo hivyo, akasema mambo ya kike ulizaneni wenyewe, akatoka. Hajawahi kunitukana wala kunipiga, ila siku hizi ananitazama tumboni kama mtu anayetazama saa.

Juzi Winnie kaniambia kwamba pamba ya kina Masalu huko Kwimba ikishauzwa mwezi wa nane, watanunuliwa ng'ombe wa kumposea msichana wa kijijini kwao anaitwa Mhoja, aje kunisaidia. Kunisaidia nini, vyumba viwili? Winnie mwenyewe anasema niviloweke vitambaa kwenye Jiki harufu iishe, nilijaribu vikanuka Jiki. Nimewaza labda mama anadhani nina kifua kikuu ndiyo maana naziba mdomo, nimewaza labda ni shombo la samaki, nimewaza kulogwa, nimewaza kuacha kazi. Ninalala vizuri, ninakula vizuri, sikohoi, na nyumba nzima inanipa pole. Niambie Shangazi, naumwa nini?

Evelina, Kiseke, Mwanza


SHANGAZI TEREZA ANAJIBU

Evelina, marahaba. Huumwi kitu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka peke yangu hapa ofisini, mara ya pili nikakasirika, na hasira zenyewe nyingine ni juu yako, kwa hiyo kaa vizuri.

Mama mkwe wako ni mtu wa Kwimba mwenye ukungu machoni. Hajawahi kuingia kiwanda cha samaki. Anaona kitambaa cheupe cha pamba, kinene, kina kamba za kufungia, mwanamke anakifua kila jioni na kukichemsha. Niambie mwenyewe, mwanamke wa umri wake atadhani ni kitambaa cha nini? Amedhani ni vitambaa vyako vya siku za mwezi, mwanangu. Umevichemsha ndani ya sufuria ya ugali wake. Umevitundika uani baba mkwe mdogo anakuja. Halafu amekuuliza kwa upole, mlango umefungwa, nawe ukamjibu kwamba unatumia viwili kila siku tangu mwezi wa tatu. Kwa hesabu yake unatokwa damu miezi minne mfululizo na unamwambia umeshazoea. Ningekuwa mimi ningelia pia.

Sasa rudi nyuma uone. Viazi vyake, mizizi, Masalu kuhamia chumba cha mbele, Mhoja wa Kwimba, vyote vimetoka kwenye kamba ile ya nguo. Mama hakuweza kumtajia mwanawe habari za vitambaa, mwanamke wa heshima hamwambii mtoto wa kiume mambo hayo, amemwambia tu mkeo ana ugonjwa wa kike. Angevitaja, Masalu angecheka na mambo yangeisha siku ile ile. Kila mtu nyumbani kwako amestahi, na kwa kustahiana huko mnataka kuvunja nyumba. Mficha uchi hazai.

Kosa lako wewe ni hili. Umekaa na mama huyo muda wote huu na hujamwonyesha hata siku moja unafanya kazi gani. Unatoka na khanga, unarudi na khanga. Ulimwambia "vitambaa vyangu" ukaona umemaliza. Na dawa usiyojua inatibu nini unaimeza asubuhi na jioni kama mtoto. Iache leo. Usiimwage mbele yake, mwambie asante mama, nimepona.

Na wewe Masalu, maana najua utasoma ukurasa huu, Evelina atauweka juu ya kigoda chako cha ushonaji. Mkeo akiambiwa anaumwa, anapelekwa hospitali. Hahamiwi chumba. Kama ni mtoto mnatafuta, mwaka mmoja na kidogo si muda wa kuposa mwingine, nendeni mkapimwe wote wawili, nimesema wote wawili, usiniletee habari za kwamba mwanamume hapimwi. Na habari za Mhoja ukazifute wewe mwenyewe kwa kinywa chako, kabla pamba haijafika kwa mnunuzi.

Evelina, sasa kuhusu kufua. Hiyo Jiki mrudishie Winnie. Ukifika nyumbani loweka kwanza kwenye maji baridi, maana ukianza na ya moto shombo linagandia kwenye uzi. Fua kwa sabuni ya mche, suuza mpaka maji yawe meupe, kisha chemsha dakika kumi kwenye sufuria ya peke yake, hata ndogo, isiyopikiwa chakula tena maisha yake yote. Mama mkwe wako kwenye hilo la sufuria alikuwa na haki, hata kama alikosea kitambaa. Kisha anika juani, pale pale uani, na upige pasi. Nyuma ya pazia hapakaushi kitu. Na kwa kuwa tumefika hapo, wasomaji wangu wanawake nisikieni: hata vile vitambaa vingine, ambavyo mama alidhani ndivyo, vinataka jua. Tunavificha chini ya godoro vikiwa vibichi, halafu tunajikuna na kuona aibu kwenda kwa nesi. Tundika khanga mbele yake ukitaka, lakini jua lifike.

Sasa la mama. Usimwelezee. Ukianza kumwelezea atafunika uso na hatakusikia, na ukimcheka hatakusamehe. Kesho asubuhi kabla hujaenda kazini, chukua kitambaa kilichopigwa pasi, ujifunge mdomoni na puani, kamba kisogoni, kama unavyosimama mezani pale kiwandani. Nenda mkekani kwake, umkaribie maana haoni mbali, upige magoti umwamkie kitambaa kikiwa usoni. Mshike mkono, mwache apapase kitambaa na kamba zake mpaka kule kisogoni. Usimharakishe. Ana mambo mengi ya kupanga upya kichwani. Akicheka, cheka naye. Akilia, mfute machozi, ila si kwa kitambaa hicho, Odeta atakurudisha.

Jioni pika ugali kwenye sufuria ambayo haijachemshiwa kitu, uuweke mbele yake pamoja na maji ya kunawa, wala usimkaribishe mara mbili. Akinawa mikono na kumega, mwambie Masalu arudishe mto wake chumbani.