Sindano Katika Beseni

Mpendwa Akello, mwanafunzi wangu,

Sijui uliko. Ninakuandikia hadharani kwa sababu nilikukosea hadharani, mbele ya darasa zima. Moyo wangu umechoka, na daktari ameacha kunidanganya.

Unaikumbuka sumaku yetu? Niliitoa nyuma ya spika ya redio mbovu, vita vilipokwisha na shule ikafunguliwa bila hata chaki za kutosha. Mliijaribisha kwa kila kitu: misumari, vizibo vya soda, vifungo vya shati, hata jino la Musoke lililong'oka. Mlipoiburuta mchangani ikaota ndevu nyeusi za chembe za chuma. Wewe ukaninong'oneza, "Mwalimu, imezeeka kukushinda!"

Ulininong'oneza kwa Kiswahili. Ulikulia nacho katika nyumba za polisi pale Nsambya, baba yako alikoletwa kikazi kutoka kaskazini. Mimi nilitoka nacho Kenya. Siku hizo wengi walikiita lugha ya askari, na aliyekisema sokoni Kalerwe alikodolewa macho. Kwa hiyo tulikisema sisi wawili tu, kwa sauti ya chini, kama watu wa nyumba moja.

Kisha likaja somo la sindano. Ulileta ya mama yako, ukaisugua kwa sumaku kama nilivyowafundisha: toka tundu hadi ncha, inua mkono, anza tena, usirudi nyuma. Ukailaza juu ya kipande cha ndala, ukakiweka majini katika beseni. Kikazunguka polepole, kikatulia. Ncha ilitazama kaskazini.

"Inaonyesha kwao!" Musoke akapiga kelele. "Genda ewammwe! Hata sindano inakwambia rudi kwenu!"

Darasa likalipuka kwa kicheko. Ukaisukuma ncha kwa kidole, ikarudi pale pale. Ukaisukuma tena. Ukaniangalia.

Akello, niliogopa. Baba yako hakuwa amerudi tangu serikali ibadilike, na mimi sikutaka kuhesabiwa upande wenu, upande wa walioshindwa vita. Nikacheka pamoja nao. Kisha nikasema kwa Kiganda, ili wote wanisikie, "Sindano haidanganyi."

Hukulia. Uliitoa majini, ukaifuta kwa sketi yako. "Mama anaihitaji," ulisema, kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa, mara ya kwanza mbele ya wenzako. Ukatoka. Kesho yake kiti chako kilikuwa kitupu. Nilipojikaza kwenda Nsambya, nyumba yenu ilikuwa na watu wengine, na hakuna aliyetaka kuniambia mlikokwenda.

Tangu hapo sikulileta tena beseni darasani. Somo hilo nililichora ubaoni tu, mshale na herufi, na watoto waliofuata wakalikariri bila kuona kitu kikigeuka. Nao niliwadhulumu.

Wiki iliyopita nilimwomba mpwa wangu Nekesa, ninayeishi kwake hapa Kamwokya, anitafutie sindano. Sumaku ile bado ninayo. Mikono yangu inatetemeka; nilisugua mbele na nyuma ovyo, sindano ikabaki inazurura majini. Nekesa akanishika kifundo cha mkono, tukasugua pamoja. Ikageuka, ikatulia.

"Mjomba, una mambo!" alisema akicheka. "Haya, na yangu tuione."

Akachomoa sindano yake ya kushonea, akaisugua vivyo hivyo. Nayo ikatazama kule kule.

Hilo ndilo nililopaswa kusema siku ile: leteni sindano zenu zote. Ya Musoke ingetazama kaskazini. Hata yangu mimi, niliyetoka Kenya, ingetazama kaskazini. Beseni lilikuwepo, maji yalikuwepo, sumaku ilikuwa mkononi mwangu. Jambo lenyewe, Akello, lingekwisha kabla kengele haijalia.

Sikuombi unijibu. Kama una watoto, waoneshe kwa maji, si kwa ubao.

Kwaheri, mwanangu.

Ni mimi, mwalimu wako aliyecheka.