Fisi wa Baba Kulwa

Jumapili, alasiri. Ngokolo.

Mvua imenyesha tangu adhuhuri na sasa yamebaki manyunyu. Nguo nilizofua asubuhi nimezianika ndani, juu ya viti, nyumba nzima inanuka sabuni ya mche. Mapacha wangu, Kulwa na Doto, wako kwa jirani. Baba yao amelala mdomo wazi. Mimi nimechoka pia, lakini nisipoandika leo mambo haya yataniwasha wiki nzima.

Shajara yangu, jana nimempenda mume wangu upya, na sababu yenyewe ni fisi.

Kwao, kijijini Songwa, anaitwa Masanja. Aliponioa alisilimu akapewa jina la Ramadhani, ila mtaani wote wanamwita Baba Kulwa. Anafanya kazi kiwanda cha kuchambua pamba, na akitoka huko anaingia kazi yake ya pili, kusimulia. Hiyo haina mshahara lakini hakosi hata siku moja. Foleni ya sukari ikiwa ndefu, watu wanamtafuta yeye kwanza ndipo waulize kama sukari imefika.

Mambo yake hukua. Nyoka aliyemwona Jumatatu, kufikia Ijumaa amenenepa. Akichelewa basi kidogo, ukimsikiliza utadhani alihamia stendi. Mimi ninayemfulia na kumpikia ndiye ninayejua vipimo vya kweli, na miaka yote nimekuwa nikimsahihisha mbele za watu. Akisema walikuja watu mia, mimi nasema hawakufika hata ishirini. Hunitazama kama mtu aliyemwagiwa mchuzi.

Ni malezi tu. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na duka la vitambaa hapahapa Ngokolo, nami nilikulia chini ya meza yake. Kwake yadi ilikuwa yadi. Niliona wateja wakija kutoka mbali kwa sababu hiyo moja, na mpaka leo mtu akiongeza neno nasikia kama mkasi umeteleza.

Sasa huyo fisi.

Mwaka tuliooana, Baba Kulwa alikuwa akirudi jioni kutoka kwao kwa baiskeli, amefunga nyuma nyama ya mbuzi aliyopewa na mama yake. Alipokaribia mji, fisi akatoka kichakani akaanza kufuata harufu. Mume wangu akamtupia pampu ya baiskeli, ikamkosa. Basi akaacha baiskeli, akaacha nyama, akakimbia. Aliingia ndani miguu mitupu, anatetemeka, akanieleza yote hivyo hivyo kama nilivyoandika. Asubuhi tulikwenda wote wawili. Baiskeli tuliikuta, nyama hatukuikuta. Kiatu kimoja kilikuwa kando ya njia na kingine ng'ambo ya korongo. Pampu haijaonekana mpaka leo.

Nadhani kosa ni la hiyo pampu. Ingeonekana, hadithi ingekufa palepale.

Kiwandani fisi akawa "mnyama". Kwenye harusi ya rafiki yake mnyama akaota manyoya shingoni. Baadaye pampu ikaacha kukosa. "Ilibaki kwa mnyama," husema, halafu ananyamaza, anakunywa chai, anawaacha watu wamalizie wenyewe. Neno simba halijawahi kutoka kinywani mwake. Nilipombana mwaka juzi alijitetea kwa hilohilo.

"Mimi nimesema simba? Si wao ndio waliosema?"

Nikamwambia huo ni uongo mtupu, tena wa kijanja. Akacheka. "Baba yako naye alikuwa anaongeza."

Alinipata kidogo. Ni kweli, baba akishamaliza kupima yadi zote alisogeza mkasi mbele kiasi cha kidole gumba ndipo akate. Nyongeza. Mteja aliiona, akatabasamu, akarudi tena. Lakini baba alikuwa anatoa kitambaa chake mwenyewe, nami nikamjibu hivyo. Hatukuendelea.

Hadithi ingebaki ya foleni na vikombe vya chai kama isingefika Songwa, kwa Mjomba Nkwabi. Huyu ndiye kaka mkubwa wa mama yake, ndiye aliyemlea. Ujanani aliua simba aliyekuwa akimaliza ng'ombe wa kijiji, na kwao mtu wa namna hiyo huchezwa. Ngoma inapigwa, anavishwa njuga, anacheza, watu wanamtunza, na heshima hiyo anakwenda nayo mpaka kaburini. Njuga za mjomba bado ziko, zimetundikwa juu ya kitanda chake. Na kitandani hapo ndipo anaposhinda sasa, kifua kimemwelemea.

Wiki iliyopita alituma mtu kiwandani. Amesikia kwamba mpwa wake naye aliua, akaficha kwa kuwa anaishi mjini. Anataka amwone akichezwa, amvishe njuga kwa mkono wake, kabla hajaondoka.

Nilimwambia Baba Kulwa aende mapema, amwambie mzee ukweli faraghani.

"Yule mzee amebakiwa na furaha moja," akasema. "Mimi ndiye nikamnyang'anye?"

Kisha akanieleza jambo ambalo sikulijua. Mtu hachezwi hivi hivi. Anasimama mbele ya watu wote, anaeleza alivyoua, halafu anaulizwa nani alimwona. Kama hakuna aliyemwona, anaitwa mtu wa kwanza kufika mahali pale. Huyo naye anasimama na kusema.

Mtu wa kwanza kufika pale ni mimi.

Jana tulipanda lori la pamba mapema. Njia nzima nilikuwa nikipima. Nikisema simba, mimi mtoto wa yule baba, nimesimama mbele ya watu wazima na kudanganya. Nikisema fisi, namvua mume wangu nguo mbele ya ukoo wake, na mzee anakufa na aibu ya mpwa wake. Baba Kulwa alikuwa kando yangu ameshika kamba ya turubai. Hakusimulia chochote, hata utingo akamuuliza kama anaumwa.

Tulipokelewa kwa salamu za "mwadila" kila upande, nikapewa michembe ya viazi na maziwa ya mgando, nikaviweka kando. Mjomba alitolewa nje na kitanda chake, akaegemezwa mito. Amekwisha. Mikono imebaki mifupa, lakini macho yalimfuata Baba Kulwa kila alikokwenda, na njuga alikuwa amezipakata mapajani. Shangazi, mkewe, alikuwa nyuma yake akimshika mgongo.

Baba Kulwa akasimama. Alianza vizuri, siwezi kumnyima hilo. Nyama ya mbuzi, giza likiingia, mnyororo wa baiskeli ukilialia. Watu wakaanza kusogea. Akafika kwenye mnyama.

"Mnyama gani, ng'wanawane, mwanangu?" Mjomba akauliza. Sauti ilikuwa ndogo, ila uwanja mzima uliisikia.

Miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Baba Kulwa akakohoa, akaangalia chini.

"Nani alikuona?" Mjomba akauliza tena.

"Mke wangu alifika asubuhi," akajibu.

Nyuso zote zikanigeukia. Nilisimama. Mkononi nimekunja pindo la khanga, na naapa mpaka nafumbua mdomo sikujua litatoka neno gani.

"Kaa, Mama Kulwa," mume wangu akasema.

Akamsogelea mzee, akapiga magoti kando ya kitanda. "Mjomba, huyu usimuulize. Alikuwa fisi. Na pampu haikumpata. Nilikimbia."

Nyuma ya ghala kuku walikuwa wakiparura. Nilitaka kulia. Angeweza kuniacha niseme. Ningesema simba, sasa najua, kwa jinsi alivyonitazama ningesema tu. Yeye mwenyewe angeongeza mpaka fisi awe tembo na asione haya, lakini hakukubali mimi niongeze hata kidole gumba kwa ajili yake.

Mjomba akanitazama. "Ni kweli, mama?"

"Ni kweli, mjomba. Kiatu kimoja tulikikuta kando ya njia, kingine ng'ambo ya korongo."

Mtu mmoja huko nyuma akashindwa kujizuia. Kisha wa pili. Mjomba naye akaanza, mabega yakatikisika, akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka Shangazi akampigapiga mgongo huku naye anacheka. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Baba Kulwa alikuwa bado amepiga magoti, masikio yamemwiva, lakini namjua, niliona tabasamu linaanza kumtoka midomoni.

Njuga hazikuvaliwa. Mjomba alizishika tu. Watu walipotawanyika kwenda kula, alimshika mkono mpwa wake akasema, "Hiyo ya fisi nimeisikia. Sasa nisimulie ile nyingine."

"Ipi, mjomba?"

"Yenye simba."

Akamsimulia. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alilitamka neno lenyewe, simba, kwa kuwa aliyesikiliza alijua. Manyoya, mngurumo, pampu, vyote. Mzee alifumba macho akisikiliza, na kila simba aliponguruma alikaza kidogo mkono wa mume wangu. Mimi nilikaa mlangoni na sahani ya ugali. Sikusahihisha hata neno moja.

Tumerudi leo asubuhi. Kabla sijatua mzigo, Mama Rehema wa nyumba ya pili alikuwa tayari mlangoni. Za Songwa? Mlipokelewaje?

"Tulichinjiwa ng'ombe," nikasema.

Walikuwa kuku wawili. Sijui kauli hiyo ilitoka wapi. Baba Kulwa alikuwa uani ananyoa ndevu, wembe ukasimama shavuni. Alinitazama kupitia kioo, nikangoja anisahihishe. Angekuwa na haki zote. Akaendelea kunyoa.

Sasa nimesoma tena nilichoandika hapo juu, shajara, na wewe huwa sikudanganyi.

Mjomba hakucheka mpaka akakohoa. Alikohoa tu, kama anavyokohoa siku nzima. Aliyecheka ni Shangazi, na watu wengine wachache. Mjomba alitabasamu, kidogo, upande mmoja wa mdomo, kisha akafumba macho kwa uchovu. Tulipomuaga asubuhi hakuweza kuinua kichwa, na Baba Kulwa alilia njia nzima ndani ya lori akisingizia vumbi la pamba.

Lakini nilitaka sana acheke. Nilipofika pale kwenye kuandika, mkono ulisogea mbele wenyewe, kama wa baba na mkasi wake. Sijui kama angeniambia hii ni nyongeza, au angeniambia kitambaa hiki si changu.

Nimeshika kalamu nikate ule mstari. Nimeitazama, nimeifunika.

Acha acheke.