Ubao wa Wasiokosa Kazi

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limekupa nafasi ya kupumua, na jirani yako ameacha kugonga nyundo alfajiri. Mimi mzima wa mwili, kichwa tu ndicho hakitulii. Ningekupigia, lakini masikio yako na simu hayaivi chungu kimoja.

Ile homa ya mafua inayotangazwa redioni imeshafika mji wa jirani. Meneja kaniita, kanikabidhi faili tupu, kasema, "Wewe ndiye msimamizi wa ufungaji, tayarisha kiwanda." Faili tupu, Baba! Nikaanza na mabomba. Utacheka: kiwanda cha sabuni, miaka yote hii, na bombani hakuna hata kipande cha sabuni. Nimeweka. Meza za kufungia nimezitenganisha mpaka mkokoteni unapita katikati. Madirisha yaliyopigiliwa misumari tangu enzi zako nimeyafungua, na vumbi lililotoka humo nilikaribia kuliamkia.

Limebaki moja, nalo linaninyima raha. Anayeumwa abaki nyumbani. Karatasini ni mstari mmoja tu. Lakini pale mlangoni pana Ubao wa Wasiokosa Kazi, na picha yako iko juu kabisa: miaka kumi na tisa bila kukosa siku. Mtu akipita chini ya picha zile na homa yake, atageuka arudi kulala? Hatageuka. Nataka kuushusha. Meneja kaniachia mwenyewe niamue, ila siwezi kukugusa ukutani bila kukuuliza. Naomba ruhusa yako.

Nikingoja jibu,
Binti yako

9 Machi

Mwanangu Kiherehere,

Marahaba. Goti lipo, mimi nipo, tunaburuzana. Jirani kahama na nyundo yake, na sasa kimya ndicho kinaniudhi.

Sabuni bombani umefanya vizuri. Madirisha, sawa. Usisahau kuwafundisha watu kazi za wenzao, maana wakilala kumi mashine haitawaonea huruma. Andika kila mtu na atakayeshika nafasi yake.

Ubao, hapana. Nimetoka pale na vitu viwili, goti bovu na ile picha. Saa ya ukutani waliyoniaga nayo ilikufa mwaka uleule. Umekula, umesoma na kuvaa kwa miguu hii iliyokwenda kazini kila siku, leo unataka kunishusha kama kalenda ya mwaka jana? Mafua yatakuja, yatapita. Usinitie hasira, daktari kanikataza.

Baba yako

17 Machi

Baba,

Shikamoo. Sijui kama bado umenuna. Ubao sijaugusa.

Ushauri wako niliufuata. Niliandika orodha: jina la mtu, na pembeni jina la atakayeshika kazi yake akiumwa. Nikatafuta mahali ambapo kila mtu atapita na kuiona, nikaibandika chini ya ubao. Nilidhani nimefanya la maana! Kufika saa nne kiwanda kizima kinanong'ona. Wameisoma kwamba ukikosa siku moja, nafasi yako imekwenda. Wanaofundishwa wanatazamwa kama wezi, na wanaofundisha wanafundisha nusunusu. Mpikaji wa sabuni kamwonyesha mwenzake mapipa yote, ila kipimo cha magadi kamwambia, "Hicho tutaongea siku nyingine." Orodha niliibandua siku ileile, nikaeleza mpaka koo likakauka. Aliyeniamini ni mlinzi peke yake, naye hakuwemo kwenye orodha.

Mafua yameingia mjini. Nikiwa mezani kwangu nasikia kikohozi, nikiinuka kinanyamaza. Wote wanasema ni vumbi la sabuni. Anayenikosesha amani zaidi ni Mama Mizani, yule anayepima sabuni ya unga, uliyemfundisha kazi mwenyewe. Unajua ana pumu. Amebakiza wiki sita atimize miaka kumi, picha yake ipande ukutani. Leo nimemshika mkono, wa moto. Kasema katoka juani. Tangu asubuhi yuko ndani!

Nikubalie, Baba. Tafadhali.

Binti yako

26 Machi

Baba,

Shikamoo. Siku tisa, hata neno moja.

Mama Mizani kaanguka jana saa tano, palepale kwenye mizani yake. Tulimpeleka hospitali akihema kwa taabu, wamemwekea oksijeni. Mfukoni alikuwa na vidonge vya homa, karibu vyote vimeliwa, na kadi yake ya kazi. Binti yake anasema homa ilianza zaidi ya wiki nzima nyuma. Siku zote hizo amekaa na watu kumi na wanne, nami nilimshika mkono nikaujua moto wake, nikamwacha aendelee kupima.

Sijui kama atapona. Nina hasira na sijui nimkasirikie nani, kwa hiyo nakukasirikia wewe. Kila asubuhi napita chini ya macho yako, nawe barua hujibu. Wiki ijayo naushusha, uridhie usiridhie.

Binti yako

29 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Leo sina utani. Barua yako nimeisoma nimesimama.

Nilianza kukujibu mara nne, nikachana. Hakikuwa kiburi, ilikuwa aibu. Sasa sikiliza.

Miaka kumi na tisa ile ni ya uongo. Inapungua siku moja. Ulikuwa na mwaka na nusu. Mama yako alikuwa amesafiri kumzika shangazi yake, ukaamka unaungua, macho yamegeuka. Nilikubeba mpaka hospitali nikakaa nawe kutwa. Ulikuwa umenishika kidole, na kila nikijaribu kukitoa unaamka unalia. Rafiki yangu wa zamu akanipigia kadi ya mahudhurio, ya kuingia na ya kutoka, kana kwamba nipo. Sikumwomba. Kesho yake niliikuta kadi imepigwa, nikanyamaza. Nikanyamaza tena waliponipiga picha. Mama yako, Mungu amrehemu, nilimwambia aliyekupeleka hospitali ni jirani, ili siri isitoke.

Siku ile sijawahi kuijutia. Ninayoijutia ni picha. Siku nyingine zote za pale zimefanana, siwezi kuitenga hata moja. Ile naikumbuka saa kwa saa.

Shusha ubao. Na barua hii wasomee, waisikie kutoka kwangu. Rafiki yangu alishatangulia, hakuna wa kumfukuza kazi.

Baba yako

3 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Safari hii hali yangu nitakueleza bila kuficha.

Barua yako niliisoma jana asubuhi uani, mashine hazijawashwa, wote wamesimama. Nilipofika kwenye kidole sauti ikakatika. Walidhani ni kilio. Kilio kilikuwemo, lakini Baba, nilikuwa na homa, tangu siku iliyotangulia. Mimi niliyeandika kwamba anayeumwa abaki nyumbani, mimi ninayewashika wengine mikono, nilimeza vidonge viwili nikaja kazini, nikijiambia bila mimi kiwanda kitalala. Ni damu yako hii!

Nikawaambia palepale. Nikamwita aliyeandikwa pembeni ya jina langu, nikaweka funguo mezani, nikarudi nyuma. Kisha mpikaji wa sabuni akavua aproni, akamtajia mwenzake kipimo cha magadi kwa sauti, mbele ya watu wote, akaelekea getini. Wakamfuata tisa. Ubao wameushusha waliobaki.

Mama Mizani wamemtoa kwenye oksijeni, anakaa mwenyewe. Habari ya ubao hajaijua. Naogopa kumwambia.

Mimi niko chumbani, mwili unauma kila kiungo. Mlinzi ataipeleka barua hii kituo cha basi. Usije. Una miaka sabini na moja, na mafua haya hayana mchezo na watu wa umri wako. Nakujua wewe. Usije!

Binti yako

5 Aprili, saa tatu asubuhi

Mwanangu,

Karatasi hii naipitisha chini ya mlango. Nimefika na basi la kwanza. Usifungue, sitaingia, nimekuelewa. Nimeazima kiti kwa jirani yako, nimekaa nje upande wa dirisha, kitambaa puani. Leo sina pengine pa kwenda. Sogeza pazia tu, nikuone.

Baba yako