Kidole Kwenye Mshipi

Mdogo wangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta umerudi kutoka zamu, umevua viatu, na una kikombe cha chai karibu. Kama bado umesimama, tafadhali keti, maana mimi nikianza kueleza jambo unanijua. Shemeji hajambo? Na wanangu je? Yule wa mwisho, kikohozi kimemwacha? Sisi huku tu wazima, mimi na kaka yako, isipokuwa magoti yangu ambayo hayapendi ngazi za gati, na hayo ni mambo ya umri.

Najua swali lako. Ulinituma nije nione kama kaka yako bado anaweza kuishi peke yake kando ya ziwa, ukasema wazi kwamba nisipomleta mwenyewe, mwisho wa mwezi utakuja na gari la shemeji kumchukua, atake asitake. Kile chumba cha nyuma umeshakipaka rangi. Watu walikuwa wamekupigia simu wakidai kwamba amewafukuza wateja, anaangusha vikombe, na anatembea mikono mifukoni kama mtu aliyeanza kunywa asubuhi. Nimeyaona yote hayo kwa macho yangu. Vikombe vya udongo vimekwisha, chai tunanywea vya bati. Lakini pombe hakuna. Nilinusa kila chupa ya nyumba hii, hata ile ya mafuta ya taa, naye akanikuta nimeinamia kabati, akauliza kama ualimu umenishinda nikaajiriwa forodhani.

Nikueleze kwanza anavyofanya kazi, kwa sababu usipoielewa kazi hutaelewa kilichotokea. Meza yake iko chini ya dirisha la jikoni. Ana jiko dogo la gesi, kisufuria cha chuma cha kuyeyushia madini ya risasi, na kalibu inayofunguka katikati kama kitabu. Anailaza ndoana ndani ya kalibu, anamimina risasi, inaganda papo hapo, na ndoana inatoka na kichwa kizito cha ukubwa wa njegere. Kisha anakipaka kichwa rangi, anafunga manyoya shingoni, na hiyo ndiyo jigi. Ukiitazama haifanani na kitu chochote kinacholiwa. Nilimwambia hivyo, akanijibu kwamba samaki hakwenda shule, kwa hiyo hana mashaka mengi kama yangu.

Sasa jigi si kama mnyoo, unaoweza kuuacha majini ukaenda zako kupiga soga. Unaitupa, unaiacha izame, unainua ncha ya ufito kidogo, unaiacha izame tena. Mara nyingi samaki huichukua wakati inazama, mshipi ukiwa umelegea. Ndiyo maana mvuvi wa jigi huulaza mshipi juu ya kidole cha shahada. Trauti, yule mwenye madoa anayependa maji baridi ya kina, hugonga mara mbili haraka na kwenda zake. Besi, yule mwenye domo kubwa anayejificha kwenye mawe na magogo yaliyozama, huivuta kinywani na kuitema kabla hujakohoa. Miaka yote kaka yako amewafundisha wageni wanaomlipa awapeleke kuvua jambo moja tu: usitazame, sikiliza kwa kidole.

Basi aliponipeleka ziwani mara ya kwanza nilishangaa. Asubuhi ilikuwa shwari, maji yametulia kama kioo. Badala ya kuniambia nisikilize kwa kidole, aliniambia niukodolee macho mshipi pale unapoingia majini, na nikiuona umeruka au umelegea ghafla, nivute. Yeye mwenyewe alivua hivyo hivyo, shingo mbele kama korongo, akapata trauti wawili wazuri. Mimi kabla sijajua kama nimeguswa, yeye alishanipigia kelele nivute, kana kwamba anawaona samaki huko chini. Nikamsifu. Hakufurahi. Baadaye upepo ukaanza, maji yakakunjamana, na mara hiyo akasema samaki wamelala, turudi. Nilimwambia kuna kitu kimenigonga sasa hivi. Akasema ni jiwe. Nilipoitoa jigi majini haikuwa na manyoya hata moja. Mdogo wangu, nimefundisha sayansi maisha yangu yote na sijawahi kusikia jiwe linalonyonyoa manyoya.

Ndivyo alivyowapoteza wateja. Mama mwenye duka pale gatini, mtu mcheshi asiyejua kunong'ona, aliniambia kwamba upepo ukivuma kidogo tu, Fundi Jigi, kama wanavyomwita hapa, alikuwa akiwarudisha wageni nchi kavu akisema ziwa limefungwa. Mgeni mmoja akamwuliza funguo anaweka nani. Duka zima likacheka, na tangu siku ile hakuchukua mteja mwingine.

Jibu nililipata pale mezani. Yeye alikuwa akimimina risasi, mimi nafunga manyoya, vibaya kwa maelezo yake, huku tukibishana juu ya nani alivunja redio ya baba. Ghafla nikasikia harufu ya kitu kinachoungua. Nikatazama jiko, nikatazama pazia. Kumbe ni yeye. Ubavu wa kidole gumba ulikuwa umeegemea ukingo wa kisufuria, ngozi inatoa moshi, na mwenyewe anaendelea kunieleza habari za redio, bila haraka. Niliuvuta mkono ule kwa nguvu hata kalibu ikaanguka. Akautazama kama anatazama mkono wa mtu mwingine.

Baada ya hapo hakuwa na pa kujificha. Nilikipoza kidole kwa maji, nikakifunga, kisha nikavigeuza viganja vyote viwili kwenye mwanga. Vimejaa alama za ndoana, nyingine mbichi, moja ina usaha, na nyingi hakujua kwamba zipo. Alisema ganzi ilianzia miguuni, akalaumu mabuti. Ikaja mikononi, akalaumu maji baridi. Sasa imefika juu kidogo ya vifundo vya mikono. Alisema samaki wanagonga kama zamani, ila yeye hawamwambii tena, na ndiyo sababu amejifunza kuutazama mshipi. Upepo ukivuruga maji, mshipi hauonekani, na hapo anakuwa hana kidole wala jicho. Alikuwa anaificha mikono mifukoni kwa aibu. Kesho yake tulikwenda zahanati. Tabibu alimpima damu na kusema ni kisukari, tena cha siku nyingi.

Aliniomba nisikwambie. Alisema ukijua utavaa ile sura yako ya wodini, na hutamwuliza tena anataka nini. Nilikataa kukuficha, maana kidonda cha mtu mwenye sukari hakifanyiwi siri, na wewe muuguzi ungekuwa na haki ya kutonisamehe. Lakini nilimwuliza anataka nini. Akawa anaokota vipande vya manyoya mezani na kuvikosa. Kisha akasema chumba chako ni kizuri na wapwa zake anawapenda, ila anajiona amekaa humo akingoja kuitwa chakula. Akasema vidole vimekwenda bila kumwomba ruhusa, na hilo amelikubali. Ziwa anaomba aachiwe.

Hapa ndipo pagumu kuandika. Kila uliponipigia simu nilikuambia kwamba mazungumzo yanakwenda vizuri na mtu ameanza kulainika. Aliyekuwa akilainika ni mimi. Sijawahi kumwambia afungashe, hata mara moja. Simleti, mdogo wangu, na mimi mwenyewe sirudi. Funguo za nyumba yangu nimemwachia jirani, na kitanda changu kiko kwenye kile chumba alichokuwa akiweka nyavu.

Tumewekeana masharti. Risasi namimina mimi, dirisha wazi, na yeye anasimama mbali akinikosoa. Haendi ziwani peke yake. Vidonge anavimeza mbele ya macho yangu. Kila jioni namkagua viganja na nyayo kama nilivyokuwa nikikagua kucha za wanafunzi. Amekubali yote kwa manung'uniko, akasema hajawahi kusikia mtu aliyerudishwa darasa la kwanza akiwa na mvi.

Najua utasema mwanamke mzee mwenye magoti mabovu atamlinda nani. Nisikilize basi. Juzi tulitoka wakati upepo umeshaanza, kwa makusudi. Yeye alishika makasia, maana mabega yake bado ni ya kijana, akaniweka mahali ambapo mawe ya chini anayajua kwa moyo. Mshipi haukuonekana kabisa kwenye yale mawimbi. Nikaulaza juu ya kidole changu, nikaiacha jigi izame, nikainua, nikaiacha tena. Ikagongwa. Nikavuta kabla kaka yako hajafungua kinywa, na mvutano ukaanza, mimi nikipiga kelele, yeye akiniamuru nisimame, nikae, niinue, nisiinue. Alikuwa besi mnene mwenye hasira. Kaka yako akamtia wavuni, wala hakumtazama. Alinitazama mimi, akauliza ilikuwaje pale samaki alipogonga.

Mimi ambaye nimeeleza sumaku, mzunguko wa damu na kupatwa kwa mwezi kwa watoto wasiotaka kusikia, nilianza sentensi kama tatu hivi nikaziacha. Mwishowe nikamkunjia mkono wa sweta hadi juu ya kiwiko, mahali ambapo ganzi haijafika, nikamgonga kwa ncha ya kidole, mara moja, kwa wepesi, kisha nikakandamiza. Akatulia. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akauliza kama trauti bado anagonga mara mbili, nikamwonyesha na namna ya trauti. Tukaendelea hivyo mpaka upepo ukatusukuma kwenye mawe, mashua ikakwaruza, na hakuna kati yetu aliyegusa kasia.

Mwisho wa mwezi njoo kama ulivyopanga, na wanangu uje nao. Tuletee mashine ya kupimia sukari, dawa ya vidonda, soksi laini zisizobana, na hasira zako pia, nyumba inatosha. Utamkagua mwenyewe, mimi si muuguzi, na yapo ambayo sijayaona. Ukishamwona ziwani na bado ukasema lazima aondoke, nitakusikiliza, lakini utamwambia yeye, na utaanza kwa kumwuliza.

Mfikishie shemeji salamu zangu, nawe usipitilize zamu ukasahau kula. Kaka yako ameisoma barua hii yote mara mbili. Sikubadilisha neno. Anakusalimu sana, na ameniagiza niandike kwamba anakungoja, na kwamba anakuogopa.

Ni mimi, akupendaye,
Dada yako mkubwa