Habari ya Nerima Si Nzuri

Makindye, nyuma ya soko,
Kampala, Uganda.
Jumapili, 9 Machi 2025.

Mpendwa mpwa wangu Nyongesa,

Pokea salamu nyingi za nyumba hii na za mlima huu wote. Natumaini kazi ya bandarini haijakuvunja mgongo na joto la Mombasa umelizoea. Kile kikohozi cha Krismasi kiliisha? Mkeo Nakhisa na mtoto wana afya? Uniandikie yote, usinifiche.

Hapa ndipo huwa naandika kwamba sisi huku hatujambo. Leo kalamu imekwama hapo tangu tutoke kanisani. Hatuko sawa, mwanangu. Sikutaka kupiga simu kwa sababu unanijua: nikisikia mtu ananisikiliza, maneno hutangulia na mimi huyafuata mbio. Karatasi hainichekei, basi naweza kunyooka.

Ni habari ya dada yako Nerima, mtoto niliyekabidhiwa nimsomeshe huku. Septemba nilikuandikia kwamba gari lilitugonga nikimtoa shule, akaumia mguu, nikalinyanyua gari kwa mkono mmoja nikamtoa, na sasa anaruka kamba. Ni kweli kwamba pikapu ya kampuni moja ya mikate iliteremka mlima bila breki ikaigonga teksi tuliyopanda, upande aliokaa yeye. Lakini walioinyanyua ni vijana wanane wa bodaboda. Mimi nilikuwa nimesimama barabarani natafuta kiatu changu cha kushoto. Mpaka leo sijui nilikitakia nini. Mtoto ananiita jina, na mimi nimeinama chini ya magari ya watu natafuta kiatu.

Mguu wake wa kulia ulikatwa hospitali ya Mulago, chini ya goti. Hilo sikukuandikia. Mama yako nilimwambia ni plasta ndefu.

Sasa sikia kosa lililo kubwa kuliko hilo. Novemba alikuja bwana mmoja, Ogwal, mtu wa bima wa ile kampuni, na faili yake kwapani. Hospitali walikuwa wamelipa wao, sasa wanataka kujua mtoto anaendeleaje. Wewe unajua kwetu mgeni anavyopokelewa. Nilimchinjia jogoo, nikamwekea firigisi kwenye sahani kwa mkono wangu, kama babu yako alivyokuwa akifanya. Nerima nilimkalisha kwenye kochi, nikamfunika leso kutoka kiunoni hadi chini, nikamwambia atabasamu, tusimharibie mgeni chakula.

Kisha nikaongea. Nilimwambia kidonda kilikauka kwa wiki mbili, madaktari wakawa wanaitana kuja kushangaa. Nilimwambia mguu nitamtengenezea mwenyewe, maana mimi nimechomelea mageti ya wakubwa wa mji huu, nitashindwaje na mguu wa mtoto? Akauliza, "Kwa hiyo mzee, hahitaji matibabu tena?" Nikamjibu, "Ssebo, bwana wangu, damu yetu haijui hospitali." Akaandika. Nikaweka sahihi, ile yangu yenye mkia mrefu.

Akisimama kuondoka alimuuliza Nerima, "Habari yako, mtoto?" Nerima akasema, "Nzuri." Mama yenu alimfunza adabu. Hilo nalo liliandikwa.

Mguu niliutengeneza, Nyongesa, wa bomba na mkanda wa ngozi. Aliuvaa siku nzima, hakunung'unika. Nilipomvua nikakuta damu. Akaniambia, "Ni mzuri, mjomba, ni mimi tu sijauzoea." Nimeukata vipande.

Januari daktari alinikalisha chini. Mtoto wa miaka kumi na moja bado anakua, na mfupa uliokatwa unakua pia, unasukuma ngozi kutoka ndani. Atapasuliwa tena, labda zaidi ya mara moja. Mguu wa bandia utabadilishwa karibu kila mwaka mpaka aache kurefuka, na baada ya hapo kila baada ya miaka michache, maisha yake yote. Nikaenda kwenye ile kampuni. Wakanionyesha sahihi yangu.

Sasa tuna wakili, mama mmoja anaitwa Aminah, ofisi yake iko Mengo na anatusaidia bure. Alinieleza kwamba gharama za matibabu ya mbele huombwa mara moja tu. Kesi ikifungwa bila hizo, mlango umefungwa, hata mfupa utoke nje. Daktari ataeleza, lakini mimi lazima niape mahakamani niseme kwamba yote niliyomwambia Ogwal nilitunga. Nikaanza kumsimulia nilivyowahi kumnyamazisha wakili mzima kule Tororo. Akaweka kalamu chini. "Mzee Wanyama, hiyo uiache mlangoni. Siku hiyo nataka uwe mtu mdogo."

Siku yenyewe ni Jumatano. Wakili wao ataniuliza kama nilidanganya wakati ule au nadanganya sasa, na watu watacheka. Sijui kama hakimu ataniamini. Kila siku najizoeza: mimi ni fundi wa mageti, niliishia darasa la sita, sikunyanyua gari. Nikifika kwenye kiatu narudi mwanzo.

Baada ya Jumatano nitapanda basi hadi Bungoma nimwambie mama yako mwenyewe, uso kwa uso. Wewe naomba kitu kimoja. Mwandikie dada yako. Usimuulize habari, atakujibu nzuri. Muulize panauma wapi.

Leo asubuhi nilikuwa namfunga kiatu cha kanisani, kile kimoja. Akaniuliza, "Mjomba, Jumatano hakimu akiniuliza habari yangu, niseme nzuri?" Nikamwambia aseme ukweli wote. Akauliza, "Hata kama atasikitika?"

Nikamwambia ndiyo, hata kama atasikitika. Kisha nikajifanya kamba ya kiatu imenishinda, nikabaki nimeinama.

Nisalimie Nakhisa na mtoto, na yule rafiki yako Oduor anayependa hadithi zangu. Mwambie nimeziweka chini. Mungu akulinde huko kwenye makontena, mikono yote na miguu yote, na akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye, mtu mdogo,

Wanyama